UZI: Kanuni za kuunda mikao ya nasibu katika sataranji, na mahali ambapo usawa hupotea

Mpanga Kete

Ndugu wapenzi wa sataranji, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunga programu ndogo zinazopanga kete kwa nasibu, nyingine za kuanzishia mchezo na nyingine za kufanyia mazoezi ya katikati na ya mwisho. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba kanuni yoyote ya aina hii ina sehemu mbili. Ya kwanza inaeleza ni mikao ipi inaruhusiwa, na ya pili inaeleza jinsi mkao mmoja unavyochaguliwa kati ya hiyo yote. Wengi huitunza ya kwanza kwa uangalifu mkubwa, kisha ya pili wakaiacha ijiendee, wakiamini kwamba panapokuwa na dadu basi usawa upo. Haupo, na nitaonyesha kwa hesabu.

Tuanze na utaratibu unaojulikana zaidi. Tarehe 19 Juni 1996, mjini Buenos Aires, Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, alitangaza aina ya sataranji ambayo leo wengi huiita Chess960. Wazo la kuchanganya kete za safu ya nyuma lilikuwapo zamani kabla yake. Alichokileta yeye ni masharti yanayolinda tabia ya mchezo. Askari hubaki mahali pao pa kawaida. Maaskofu wawili lazima wakae kwenye miraba ya rangi tofauti. Mfalme lazima awe kati ya ngome zake mbili, ili kastilingi (hatua moja inayosogeza mfalme na ngome pamoja) iwezekane upande wowote, na baada ya kastilingi mfalme na ngome huishia kwenye miraba ileile ya mchezo wa kawaida, hata kama walianzia kwingine. Kete nyeusi hupangwa kama kivuli cha nyeupe, kila moja ikitazamana na mwenzake.

Idadi ya mipangilio inatoka hivi. Askofu wa miraba myeupe ana nafasi nne, na wa miraba myeusi ana nne. Malkia anabakiwa na miraba sita. Farasi wawili wanachagua miwili kati ya mitano iliyobaki, yaani njia 10. Miraba mitatu ya mwisho haina uchaguzi tena: ngome, mfalme, ngome. Nne mara nne mara sita mara kumi ni 960. Kama hakuna sharti lolote, kete hizo nane zingepangika kwa njia 5,040. Sharti la maaskofu peke yake linazipunguza hadi 2,880, na sharti la mfalme linabakiza theluthi moja tu ya hizo. Kuna aina nyingine, iliyobuniwa na Maxwell Lawrence mwaka 1978, ambayo ina sharti la maaskofu tu na kila upande hupangwa peke yake bila kumfuata mwenzake, kwa hiyo inapata 2,880 mara 2,880, yaani mikao 8,294,400. Kwa kuwa upande mmoja unaweza kupata mpangilio mbovu kuliko mwingine, mchezaji anaruhusiwa kwenye zamu yake ya kwanza kubadilishana nafasi kete mbili za safu ya nyuma badala ya kucheza. Naipenda kanuni hiyo, kwa sababu inakiri kwamba nasibu inaweza kuumiza na inatoa dawa palepale.

Sasa tuje kwenye kosa. Mtu anataka mpangilio wa Fischer, naye anafikiri hivi: mfalme hawezi kukaa pembeni, basi nimchagulie kwa dadu mmoja kati ya miraba sita kuanzia b hadi g (miraba ya safu ya nyuma huitwa a hadi h kutoka kushoto); kisha nitafute ngome moja ya kushoto na moja ya kulia; kisha maaskofu, malkia na farasi. Kila mpangilio unaotoka ni halali, na mtu huyo anaridhika. Lakini mipangilio 960 haikugawanyika sawasawa kulingana na mraba wa mfalme. Mfalme akiwa b ipo 108 tu, akiwa c ipo 168, akiwa d ipo 204, na upande wa pili ni hivyohivyo: e 204, f 168, g 108. Dadu ikimpa kila mraba sehemu moja ya sita, basi hata kama hatua zote zinazofuata ni sawa kabisa, kila mpangilio wa mfalme wa b unapata nafasi moja kati ya 648, na kila mpangilio wa mfalme wa d unapata moja kati ya 1,224. Wa kwanza utatokea karibu mara mbili ya wa pili, na hakuna atakayeuona upendeleo huo kwa kuangalia ubao, kwa sababu kila ubao mmoja mmoja hauna kasoro.

Dawa yake ni kuanza na kete ambazo uchaguzi wake hauathiri idadi ya uchaguzi unaofuata, na hiyo ndiyo sababu hesabu ya 4, 4, 6, 10 ni nzuri mno: popote atakapokaa askofu, malkia bado ana miraba sita. Kwa dadu moja ya kawaida, tupa kwa askofu wa miraba myeupe (1 ni b, 2 ni d, 3 ni f, 4 ni h), ukipata 5 au 6 tupa tena. Fanya vivyo hivyo kwa askofu wa pili kwenye a, c, e na g. Tupa kwa malkia ukihesabu miraba mitupu kutoka kushoto. Farasi wa kwanza ana mitano, kwa hiyo 6 hurudiwa; wa pili ana minne. Farasi hao wawili hawana tofauti, kwa hiyo kila jozi ya miraba inafikiwa kwa njia mbili, na kwa kuwa ni mbili kwa jozi zote, usawa haudhuriki. Tafadhali msikubali ule mkato wa kusema 5 ihesabiwe kama 1 na 6 kama 2 ili kuokoa muda, maana miraba b na d itapata nafasi maradufu ya f na h.

Ngome Nyeusi

Ndugu Mpanga Kete, nashukuru kwa maelezo. Nina swali la mtu anayecheza tu na hatungi programu. Mimi na mwenzangu tukicheza michezo minne kwa siku, hatutaweza kamwe kuhisi kwamba mfalme wa b anatokea mara nyingi kuliko inavyostahili. Je, kuna madhara gani?

Mpanga Kete

Swali ni la haki. Kwa wachezaji wawili wanaotaka tu kuepuka ufunguzi waliokariri, madhara ni madogo sana na sitawalaumu. Madhara huonekana pale mikao inapotumika kupimia kitu. Mtu akizichezesha programu mbili mara 10,000 kwenye mikao ya nasibu ili ajue ipi ni bora, au akitaka kujua kama nyeupe inanufaika zaidi katika mipangilio ya Fischer kuliko katika ule wa kawaida, jibu lake litaegemea kwenye mipangilio iliyopendelewa, naye atalitangaza kama ukweli wa mchezo. Kwenye mashindano pia ni jambo zito. FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, imeandaa mashindano ya dunia ya aina hii, mwaka 2019 nchini Norway ambako Wesley So alimshinda Magnus Carlsen kwenye fainali, na mwaka 2022 mjini Reykjavik ambako Hikaru Nakamura alimshinda Ian Nepomniachtchi. Wachezaji wa kiwango hicho wana haki ya kujua kwamba kila mpangilio ulikuwa na nafasi moja kati ya 960, si pungufu wala zaidi.

Njia iliyo safi kuliko zote kwa mashindano ni namba. Kila mpangilio una namba yake kuanzia 0 hadi 959, kwa mfumo uliowekwa na Reinhard Scharnagl. Unachagua namba moja, basi. Igawe kwa 4, na salio linakupa askofu wa miraba myeupe: 0 ni b, 1 ni d, 2 ni f, 3 ni h. Jibu la mgawanyo ligawe tena kwa 4, na salio linakupa askofu wa miraba myeusi. Kisha gawa kwa 6, na salio ni nafasi ya malkia kati ya miraba mitupu, ukianza kuhesabu na sifuri. Kinachobaki ni namba kati ya 0 na 9, nayo inakupa jozi ya farasi kwenye miraba mitano iliyobaki, kwa mpangilio huu: 1-2, 1-3, 1-4, 1-5, 2-3, 2-4, 2-5, 3-4, 3-5, 4-5.

Jaribuni na 518. Kwa 4 ni 129, salio 2: askofu kwenye f. 129 kwa 4 ni 32, salio 1: askofu kwenye c. 32 kwa 6 ni 5, salio 2: miraba mitupu ni a, b, d, e, g, h, na wa tatu ni d, malkia huyo. Namba 5 ni jozi ya sita, yaani mraba wa pili na wa nne kati ya a, b, e, g, h: farasi kwenye b na g. Mmeupata mpangilio wa kawaida tunaoujua wote.

Hesabu Kwanza

Mimi hutumia njia ya mfuko, na naamini ni sahihi, ila ningependa ikaguliwe. Natia kete zote nane kwenye mfuko, nazitoa moja moja bila kuangalia, na kuzipanga kutoka a hadi h. Maaskofu wakiwa rangi moja, au mfalme akiwa nje ya ngome, narudisha zote na kuanza upya. Rafiki yangu husema napoteza muda, kwamba ingetosha kumsogeza askofu mmoja mraba wa jirani.

Mpanga Kete

Njia yako ni sahihi kabisa, na ushauri wa rafiki yako ndio wa kuepukwa. Unapotupa mpangilio mzima na kuanza upya, mipangilio 960 iliyobaki inaendelea kuwa sawa kama ilivyokuwa ndani ya zile 5,040. Gharama yake unaweza kuihesabu: 5,040 gawa kwa 960 ni 5.25, kwa hiyo kwa wastani utatoa kete zote mara tano na kidogo. Ukirekebisha badala ya kutupa, kila mpangilio mbovu unamiminwa ndani ya mpangilio halali ulio jirani nayo, na mipangilio yenye majirani wengi wabovu inanenepa.

Kwa wanaotunga programu naongeza onyo moja. Wapo wanaochanganya orodha ya kete kwa kupita nafasi zote nane, na katika kila nafasi wakibadilishana kete iliyopo na yoyote kati ya zote nane. Inaonekana ya haki. Lakini njia hiyo ina mapito 8 mara yenyewe mara nane, yaani 16,777,216, na namba hiyo haigawanyiki kwa 7, ilhali 5,040 inahitaji 7 ndani yake. Basi haiwezekani kabisa mapito hayo yagawanywe sawasawa. Njia ya haki ni kubadilishana na nafasi ambazo bado hazijapitiwa tu, ambapo mapito ni 8 mara 7 mara 6 na kuendelea, jumla 40,320.

Malkia wa Pili

Ndugu zangu, yote haya ni ya mwanzo wa mchezo. Mimi nafundisha, na ninachohitaji ni mikao ya katikati: kete zimetawanyika, wanafunzi hawajawahi kuuona, wachambue. Nikiweka kete ovyo kwenye ubao napata vitu vya ajabu. Kanuni zake zikoje?

Mpanga Kete

Dada, hapo umegusa sehemu iliyo ngumu na tajiri zaidi, kwa sababu mpangilio wa kuanzia hauna historia, lakini mkao wa katikati unadai kwamba mchezo fulani uliufikia. Mkao ni halali ikiwa tu kuna mfululizo wa hatua halali unaotoka mwanzo hadi pale.

Masharti mepesi yanajulikana. Kila upande una mfalme mmoja, na wafalme hawagusani. Hakuna askari kwenye safu ya 1 wala ya 8. Upande ambao si zamu yake hauwezi kuwa na mfalme aliye kwenye sheki, yaani anayetishiwa kuliwa. Haki ya kastilingi haipo kama mfalme au ngome husika haiko nyumbani. Askari anayeweza kuliwa njiani lazima awe ametoka kuruka miraba miwili sasa hivi, kwa hiyo mraba alikotoka na ule alioruka lazima iwe mitupu.

Kisha kuna hesabu ya kupandishwa cheo, yaani askari anayefika safu ya mwisho kugeuzwa kete nyingine. Malkia wa pili, ngome ya tatu, farasi wa tatu, na askofu wa pili wa rangi moja ya mraba, kila mmoja wao alikuwa askari. Jumla yao haiwezi kuzidi idadi ya askari waliopungua kwenye nane. Watu wengi huhesabu maaskofu bila kuangalia rangi, na hapo mkao haramu unapenya.

Sheki nazo zina mipaka. Mfalme hawezi kutishiwa na kete zaidi ya mbili kwa pamoja, na zikiwa mbili, angalau moja lazima iwe malkia, ngome au askofu, kwa kuwa sheki mbili huzaliwa pale kete moja inaposogea na kufungua njia ya nyingine. Farasi wawili hawawezi kumtishia mfalme kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo tunaingia kwenye masharti ambayo hayahesabiki kwa macho. Tuchukue nyeupe yenye askari wote wanane, wakiwamo wa b2 na d2 ambao hawajasogea, na askofu wa miraba myeusi yuko e5. Hesabu ya kete imekubali. Lakini askofu aliyeanzia c1 hana mlango mwingine zaidi ya b2 na d2, hakutoka kamwe. Yule wa e5 basi alipandishwa cheo, na askari wake yuko wapi kama wote wanane wapo? Mkao ni haramu. Au tazama askari sita weupe waliosimama mstari mmoja, a2 hadi a7. Askari hubadili mstari kwa kula tu, kwa hiyo wa b2 anahitaji kula mara moja, wa c2 mara mbili, hadi wa f2 mara tano, jumla 15. Nyeusi ina kete 15 ukimwacha mfalme. Mkao huo unaruhusiwa, lakini ikiwa tu nyeusi imebakiwa na mfalme peke yake. Ongeza askari mmoja tu mweusi popote na mkao unakufa.

Ili mwone uzito wa jambo hili, mtaalamu wa kompyuta John Tromp alihesabu mikao inayopita mchujo wa idadi ya kete na askari, akapata takriban 8.7 mara 10 kwa kipeo cha 45. Kisha sampuli ya nasibu ilichukuliwa na kila mkao ukatafutiwa historia. Makadirio ya mikao halali yalikuwa takriban 4.8 mara 10 kwa kipeo cha 44, yaani karibu mmoja kati ya 18.

Hata hivyo, dada, mikao hiyo ya usawa kamili haitakufaa darasani, nami ningependa kusema hili kwa uwazi baada ya kutetea usawa kwa kirefu namna hii. Sehemu kubwa sana ya mikao halali imejaa kete zilizopandishwa cheo, malkia wanne huku, farasi watano kule, kwa sababu tu kuna njia nyingi za kuzitawanya. Usawa ni juu ya seti uliyoichagua, na kuichagua seti ni kazi ya mwalimu. Kwa darasa lako, amua kwanza kete zilizopo, kwa mfano kila upande ngome mbili, askofu mmoja, farasi mmoja na askari sita. Waweke askari kwa nasibu kwenye safu zao. Tupa mkao wowote unaovunja masharti niliyotaja. Kisha tupa na ule ambao kete kubwa inaliwa bure kwenye hatua inayofuata, maana mwanafunzi hatajifunza kitu hapo.

Njia nyingine ni kuanza kwenye ubao wa kawaida na kucheza hatua za nasibu, 30 au 40. Uhalali unapatikana bila jasho, na historia unayo mkononi. Ila mikao haina nafasi sawa. Kuna hatua 20 za kwanza, mifuatano 400 baada ya kila upande kucheza mara moja, na 8,902 baada ya hatua ya tatu, lakini mifuatano mingi hukutana kwenye mkao mmoja, na mkao unaofikiwa kwa njia mbili unapata uzito mara mbili. Kwa mazoezi, ikubali. Kwa kipimo, usiitumie.

Malkia wa Pili

Nimeelewa. Kwa mwisho wa mchezo, tuseme mfalme na ngome dhidi ya mfalme, nadhani kazi ni rahisi: natupa sarafu kujua zamu ni ya nani, kisha naweka kete tatu, na zikikosea masharti naziweka upya.

Hesabu Kwanza

Samahani kwa kuingilia, lakini nimepiga hesabu hiyo na naona kuna upendeleo. Wafalme wawili wasiogusana wanaweza kukaa kwa njia 3,612. Ngome inabakiwa na miraba 62, jumla 223,944. Zamu ikiwa ya nyeusi, mikao hiyo yote inapita masharti mepesi, kwa sababu nyeusi inaruhusiwa kuwa kwenye sheki. Zamu ikiwa ya nyeupe, lazima tuondoe ile ambayo ngome inamtishia mfalme mweusi, na hiyo ni 48,776, inabaki 175,168. Sarafu inagawa nusu kwa nusu, ilhali kati ya mikao 399,112, ile ya zamu ya nyeupe ni asilimia 43.9 tu.

Mpanga Kete

Uko sahihi, ndugu, nami nimeipitia hesabu yako na kuipata ileile. Zamu ni sehemu ya mkao sawa na kete zenyewe. Dada, tupa sarafu kama ulivyosema, weka kete tatu, na zikivunja sharti usiziweke upya huku umeishikilia zamu. Ondoa kete zote na urudie kutupa sarafu pia.